TAHADHARI wapiga gitaa wa Dar: fundi wa "mod ya 808" ni TAPELI, msimpelekee pedali

Wakuu mtanisamehe kwa urefu, nina hasira mpaka mkono unatetemeka. Nimepigwa. Mimi mnayenijua kwa kubishana na kila mtu kuhusu toni nimelizwa mchana kweupe, tena na mtu anayeniita "mtumishi" kila sentensi.

Pedali yenyewe ni TS9 ya kijani ya Ibanez, yaani kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinacholipa gitaa sauti ya kukwaruza.

Sasa huyu jamaa anajitangaza kwamba anageuza TS9 kuwa TS808 (ndiyo hiyo "mod ya 808"), yaani ile pedali ya Tube Screamer ya mwanzo kabisa iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 70. Na kabla hamjaanza kunicheka, kazi hiyo ipo kweli, siyo uganga. Saketi za hizo pedali mbili ni karibu kitu kimoja, unabadilisha rezista mbili za upande wa kutokea sauti, ile ya omu 470 inawekwa 100, ile ya 100k inawekwa 10k, na kama chipu siyo JRC4558D unaiweka hiyo, basi. Yangu nilishaifungua zamani nikakuta chipu nyingine, TA75558, kwa hiyo nilijua ninachokitaka. Na namba zote hizo alizitaja yeye kwa kichwa, mimi sijafungua mdomo, akaongeza na ile kapasita ya mikrofaradi 0.047 kwamba ukiipandisha hadi 0.1 besi inarudi, ambayo ni kweli kabisa. Mtu anaongea hivyo utajuaje ni tapeli? Halafu alishatutengenezea DI boksi (kile cha kuunganisha gitaa na mixa) pale kanisani ikapona, mzee wa kanisa mwenyewe ndiye aliyenipa namba yake.

Siku ya kuchukua ndiyo inayoniuma. Nimefika kakibanda chake, feni inapiga kelele, kaweka TS9 mbili chini, ya kushoto akasema ni ya kiwandani ya mteja mwingine, ya kulia yangu. Gitaa langu kalishika yeye. Akaniambia "mtumishi funga macho usikilize kwa roho", na mimi nikafunga!! Akapiga sebene juu kule kwenye freti za kumi na mbili, ya kushoto ikatoka kama mtu anaimba kajifunika shuka, akakanyaga ya kulia, jamani, kifua kikaitika. Nafungua macho naona ya kushoto nobu ya level, ile ya ukubwa wa sauti, imelala chini, ya kwangu imepandishwa mpaka inakaribia mwisho. Nikamuuliza. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, eti "rezista za 808 zinameza sauti kidogo, lazima upandishe ndo zilingane". Uongo mtupu, ila limekaa kitaalamu. Mnajua sikio likisikia kitu kimepanda sauti kidogo linaona ni kitamu zaidi, hata wauza spika Kariakoo wanalitumia hilo, na huyu mshenzi alilijua kuliko wote.

Akageuza akafungua mfuniko wa chini, naona bonge jeusi linang'aa limefunika katikati ya bodi yote. "Siri ya kazi mtumishi, hata Klon Centaur walimwagia hivihivi." Na kweli Klon, pedali moja maarufu, ilimwagiwa resini watu wasiige saketi, hilo kila mpenda pedali analijua, sasa ningebisha nini hapo? Nikalipa laki mbili na nusu. Nikamuongeza elfu kumi ya soda. Elfu kumi ya soda!

Jumapili tukaingia na sifa, kinanda kikanifunika kama kawaida, dogo wa mixa akanifuata baadaye akauliza "bro leo umeacha pedali nyumbani?" Nikanyamaza.

Usiku nikaifungua. Nikapaka spiriti pembeni ya lile bonge, nikaingiza bisibisi ndogo, likabanduka lote kwa mkupuo kama ukoko wa wali. Resini gani, ni gundi ya moto ya mafundi viatu imepakwa rangi nyeusi! Chini yake TA75558 yangu imekaa palepale, lehemu ya kiwandani haijaguswa, rezista bado ina mistari ya njano, zambarau, kahawia, yaani 470 ileile. Kitu pekee kilichobadilika ni taa, ilikuwa nyekundu sasa ya bluu. Laki mbili na nusu kwa taa ya bluu.

Kumpigia, eti chipu mpya inahitaji kuzoea, nipige masaa mia kwanza toni iive. Chipu ipi?? Kisha akaniblock.

Na siko peke yangu, kuna dogo alimpelekea pedali ya Boss DS-1 akaambiwa kawekewa daiodi za jermaniamu. Tumepima na mita zinasoma volti 0.6, jermaniamu ingekuwa kwenye 0.3 hivi. Ni silikoni za kawaida, na kalipia kwa hela ya ada.

Mtu wa hivi anyang'anywe hiyo bunduki ya gundi azibwe nayo mdomo. Azungushwe makanisa yote aliyowaita watu watumishi, asimame mbele awasomee bei alizochukua moja moja. Nimeshachukua RB polisi, na mzee wa kanisa nimemwambia hiyo namba aifute kwenye simu yake.

Mnaouliza utamjuaje: hataki kukutumia picha ya ndani kabla hajaziba, vipuri vya zamani hakurudishii (arudishe nini wakati hajatoa kitu), na kwenye kujaribu hakuachii ushike nobu. Mwambie alinganishe level mbele yako uone atakavyoanza kuhubiri.

Kuna kaka alisema pedali yake ya Big Muff iko kule kwa huyo fundi tangu mwezi uliopita "inasubiri vipuri". Kaka kama unasoma hapa nenda leo, na usiende peke yako, mimi nina mita na bisibisi, nicheki inbox tuongozane.