TAHADHARI: Muuza spea za Peugeot 504, Mwembe Tayari

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, kuna bwana ana kibanda cha spea Mwembe Tayari, Mombasa, ndani ya uchochoro, mrefu, maneno matamu. Usimpe hata shilingi. Ameniibia mchana kweupe na hadi sasa nikikumbuka mikono inanitetemeka.

Gari la mzee ni 504, na lazima litembee kabla ya harusi iliyo mbele yetu. Nilitaka mikono ya chini ya saspensheni ya mbele, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, pamoja na bushi zake, ile mipira yenye bomba la chuma ndani. Yule bwana hakuwa na pupa. Alinikalisha, akaagiza kahawa chungu, akaniuliza 504 yangu ni ya mwaka gani, saluni au stesheni wagoni. Anayeuliza hivyo unaona anaijua kazi. Akanitajia Safari Rally ya 1975 na ya 1978, ambazo zote mbili 504 ndiyo iliyoibuka mshindi, akasema magari haya yaliunganishwa hapahapa Kenya ndiyo maana yeye ana mzigo wa stoo za enzi zile. Akaingia ndani, akatoka na mikono miwili ndani ya karatasi ya kaki iliyolowa grisi. Akaifungua taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga, akagonga mmoja kwa spana: "Sikia, kaka. Hicho chuma cha Mfaransa." Alasiri ikaadhiniwa. Akaacha kibanda wazi, tukaswali bega kwa bega. Mtu mmetoka naye msikitini sasa hivi, utamshuku vipi? Nikatuma 22,000 kwa M-Pesa.

Hata wiki haikwisha. Nashuka daraja la Nyali, nashika breki, gari likavuta kushoto ghafla, kidogo tu niivae tuktuk yenye mama na watoto. Fundi alipofungua, chini ya ile rangi nyeusi ya kupuliza kulikuwa na mshono wa kuchomelea: mkono uliovunjika zamani. Bushi nazo, mpira ulikuwa umeachana na bomba la ndani. Bushi halisi mpira wake umegandana na chuma, hujipinda bila kuteleza. Hizi ni mpira uliochongwa ukasukumizwa tu.

Niliporudi alinitazama usoni mbele ya watu akasema hanijui. Wakacheka. Risiti hakunipa, na jina lililotokea M-Pesa halikuwa lake, alidai ni la shemeji yake. Namba hiyo sasa imezimwa.

Kwaruzeni rangi kwa ufunguo kwenye pembe kabla ya kulipa. Zungusheni bomba la bushi, likiteleza ndani ya mpira liacheni. Na bushi nunueni mpya: mpira uliolala stoo miaka mingi hukauka hata ukiwa halisi.

Lakini huyu kumkwepa hakutoshi. Afungwe! Kibanda kivunjwe, asiuze tena hata nati. Angeua watoto wa watu kwa 22,000. Meseji ninayo, ile mikono iko kwa fundi. Kama nawe amekutapeli, nitafute kabla ya Jumatatu twende polisi pamoja.