Ganzi kabla ya fila ya midomo: krimu, barafu, mtetemo na sindano ya ufizi kwenye mizani

Ukiuliza kama fila ya midomo, yaani jeli inayodungwa ili kuijaza midomo, inauma, utajibiwa kwamba ni kama kuumwa na siafu tu. Jibu hilo hutolewa na asiyewajua siafu. Midomo imejaa ncha za neva, na sindano haipigi mara moja: kwa mililita 1 ya fila, ngozi hutobolewa mara sita, mara kumi, wakati mwingine zaidi. Maumivu yenyewe hayako sawa kila mahali. Panapouma kuliko pote ni upinde wa mdomo wa juu, chini kabisa ya kifereji cha pua, kisha ukingo ambapo ngozi inakutana na wekundu wa mdomo. Katikati ya mdomo wa chini panavumilika. Njia yoyote ya ganzi ipimwe kwa ramani hiyo: je, inafika kwenye upinde na ukingo, au inatia ganzi pale ambapo hapakuwa na shida?

Tuanze na ganzi iliyomo ndani ya sirinji ya fila, kwa kuwa wateja wengi hawajui kwamba ipo. Fila nyingi za asidi ya hayaluroniki zinazotumika midomoni siku hizi huchanganywa kiwandani na lidokaini ya asilimia 0.3. Kwa Juvéderm, toleo hilo katika soko la Marekani huwa na herufi XC. Restylane Kysse nayo inayo. Mililita 1 ya fila hiyo ina miligramu 3 za lidokaini, kiasi kidogo sana kwa mwili lakini kinachotosha kulegeza neva pale kilipowekwa. Udhaifu wake ni mmoja: tobo la kwanza halisaidiki, kwa sababu dawa bado imo kwenye sirinji. Mchomaji anayeijua kazi yake huanzia mdomo wa chini, huweka kidogo kila upande, husubiri dakika moja au mbili, kisha hupanda juu na kuuacha upinde uwe wa mwisho. Anayeanza na upinde kwa pupa ameitupa faida yote ya dawa hiyo. Nyota tano, kwa sharti kwamba boksi lifunguliwe mbele yako na usome mwenyewe kama lidokaini imetajwa.

Krimu ndizo zinazoleta maneno mengi, na ndizo zinazotumiwa vibaya zaidi.

EMLA ni mchanganyiko wa lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5. Dawa hizo mbili zikiwa mbalimbali ni yabisi, zikichanganywa huyeyuka na kuwa mafuta kwenye joto la kawaida, na ndiyo maana hupenya vizuri. Lakini ngozi nzima huihitaji kwa dakika 60 chini ya utando wa plastiki ili ganzi ishuke takriban milimita 3. Wekundu wa mdomo ni habari nyingine: tabaka lake la nje ni jembamba kuliko la ngozi, kwa hiyo dawa hupenya ndani ya dakika chache. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Mhudumu hupaka krimu kwenye wekundu kwa dakika 15, mteja akisema mdomo umekufa ganzi anaanza kazi, na sindano ya kwanza inapita kwenye ukingo na kwenye ngozi ya juu ya mdomo, ambako dawa haijafanya lolote. Mteja anaruka, krimu inalaumiwa. Kosa ni la saa, si la krimu. Mpango mzuri ni kupaka ngozi inayozunguka mdomo mapema, saa nzima kabla, halafu wekundu wenyewe upakwe dakika 10 hadi 15 za mwisho. Na ijulikane kwamba maelekezo ya krimu hizi yameandikwa kwa ajili ya ngozi. Kuzipaka mdomoni ni uamuzi wa mtaalamu anayejua kiasi alichotumia, si jambo la kujifanyia nyumbani.

EMLA ina tabia mbili nyingine za kuchunga. Mwanzoni hubana mishipa midogo ya damu na kupausha ngozi, na weupe huo unaweza kuchanganywa na dalili ya mshipa ulioziba, ambayo tutaifikia. Pia ni krimu yenye ualkali, pH yake ni kama 9, kwa hiyo ikiingia jichoni inaunguza. Vidole vilivyopaka mdomo visiguse kope.

LMX 4 ina lidokaini peke yake, asilimia 4, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta. Inafanya kazi ndani ya dakika 30 bila kufunikwa plastiki. Kwa kliniki inayopokea wateja mfululizo hiyo ni nusu saa iliyookolewa, na kwa kuwa haina prilokaini inapunguza wasiwasi wa methemoglobinemia, hali ambayo damu inashindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Ukilazimika kuchagua krimu moja tu, chukua hii. Nyota nne.

Pliaglis ina lidokaini asilimia 7 na tetrakaini asilimia 7. Ikikauka inakuwa utando unaobanduliwa kama ganda, na kwa fila huachwa dakika 20 hadi 30. Ni nzuri sana kwenye ngozi ya juu ya mdomo, lakini hairuhusiwi kwenye wekundu wa mdomo wala ndani ya kinywa, na midomo inayozungumza huuvunja utando kabla haujakauka. Mteja msemaji hafai kwa Pliaglis.

Kisha kuna kopo lisilo na lebo. Mara nyingi ni mchanganyiko wa benzokaini asilimia 20, lidokaini na tetrakaini, au lidokaini asilimia 23 na tetrakaini asilimia 7. Zinatia ganzi haraka, hilo halina ubishi. Hesabu yake ndiyo inayotisha: gramu 1 ya krimu yenye lidokaini asilimia 23 ina miligramu 230, wakati kikomo cha kawaida cha lidokaini ya sindano isiyo na adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 300. Si yote inayoingia mwilini, lakini utando wa mdomo hunyonya haraka na ulimi haukai mbali. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2007 baada ya vifo vya wanawake waliojipaka krimu kali za namna hii miguuni na kujifunga plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Machi 2024 ilirudi tena, safari hii ikiwataja wauzaji wa krimu zenye lidokaini zaidi ya asilimia 4 zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mchanganyiko uliotengenezwa na mfamasia kwa cheti, wenye lebo, tarehe na kiasi kilichopimwa, una nafasi yake. Kopo lililochotwa kwa kijiti cha aiskrimu halina. Nyota moja, nayo ni kwa ajili ya kasi.

Kwa krimu yoyote, hatua zinazorukwa ni zilezile. Picha na mchoro wa ukingo vifanyike kabla ya kupaka, kwa sababu krimu hulainisha na kuvimbisha mdomo kidogo na ukingo halisi unapotea. Pamba ya daktari wa meno iwekwe kati ya mdomo na ufizi ili dawa isitiririke kooni. Koo likifa ganzi mteja anahisi hawezi kumeza na hofu inampanda, ingawa anapumua vizuri. Kabla ya sindano, krimu ifutwe yote kwa shashi kavu, ifutwe tena, ndipo dawa ya kuua vijidudu ipakwe. Krimu iliyobaki kwenye ukingo huingizwa ndani na ncha ya sindano, na huko ndani haina kazi isipokuwa kuleta uchochezi.

Barafu haina matangazo, ila inastahili nyota nne. Sekunde 30 hadi dakika moja mahali pale pale kabla ya tobo, ndani ya shashi safi au glavu, inapunguza uchungu wa ngozi na kubana mishipa hivyo michubuko inapungua. Baada ya barafu kuugusa mdomo, sehemu hiyo isafishwe tena, maana maji yanayoyeyuka si safi kitabibu. Barafu tupu, bila shashi, juu ya mdomo ulioshakufa ganzi inaweza kuuchoma bila mwenyewe kujua.

Kifaa cha mtetemo hufanya kazi kwa kanuni ambayo wanasayansi Melzack na Wall waliieleza mwaka 1965: ishara za mguso na mtetemo hushindana na ishara za maumivu kwenye mlango wa uti wa mgongo, na kwa uso, kwenye kituo cha neva za uso katika shina la ubongo. Kikiwekwa shavuni, sentimita mbili hivi kutoka kwenye sindano, kinasaidia kwa kweli. Kikikaa karibu mno, mdomo unatikisika na mkono wa mchomaji unakosa shabaha. Kinahitaji pia mtu wa pili wa kukishika. Ni nyongeza nzuri, si mbadala.

Sindano ya ufizi, yaani kuzuia neva nzima kama kwa daktari wa meno, ndiyo ganzi kamili kuliko zote. Kwa mdomo wa juu dawa huwekwa kwenye mkunjo kati ya mdomo na ufizi, juu ya jino la chonge, ikielekezwa kwenye neva inayotokea chini ya tundu la jicho. Kwa mdomo wa chini huwekwa usawa wa magego madogo, inapotokea neva ya kidevu. Kila tundu linachukua kama mililita 0.5 hadi 1 ya lidokaini asilimia 2, yaani miligramu 10 hadi 20. Matundu manne yanaleta miligramu 40 hadi 80. Kwa mtu wa kilo 60, ambaye kikomo chake ni miligramu 270, nafasi ipo, mradi krimu iliyotangulia ihesabiwe pia. Ikichanganywa na bikaboneti ya asilimia 8.4, sehemu 1 kwa sehemu 9 hadi 10 za lidokaini, haiwashi sana inapoingia. Subira ni dakika 5 hadi 10.

Sasa kasoro zake. Pembe za mdomo hupata pia matawi ya neva nyingine, na katikati ya mdomo neva za kulia na kushoto hupishana, kwa hiyo mteja aliyeahidiwa "hutahisi chochote" anahisi, tena kwenye upinde. Mdomo unalegea: ukimwambia atabasamu, upande mmoja unabaki nyuma, na mchomaji anayesawazisha midomo iliyolegea anasawazisha kivuli. Dawa ikimwagwa nyingi karibu na mdomo unavimba kabla hata fila haijaingia. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba inazima king'ora. Wengine hutumia njia ya kati: mililita 0.2 au 0.3 kwenye vituo vichache vya mkunjo wa ufizi, ganzi inakuja lakini mdomo unabaki na mwendo wake. Hiyo tunaipendelea. Ganzi kamili iwe kwa mwenye makovu, mwenye woga uliopitiliza, au anayeyeyushwa fila ya zamani.

King'ora hicho ni hiki. Mdomo wa juu na wa chini kila mmoja una ateri yake inayopita ndani kwa ndani. Fila ikiingia ndani ya ateri au ikiibana, ishara ya mapema inaweza kuwa maumivu makali yasiyolingana na tobo, pamoja na weupe wa ghafla au mabaka ya zambarau. Aliyekufa ganzi kabisa anabaki na rangi tu kama shahidi. Kwenye midomo myeusi au ya kahawia weupe hauonekani kirahisi, basi mchomaji abonyeze kwa kidole na kuhesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3, na akague upande wa ndani wa mdomo, ambako rangi inasomeka vizuri. Kliniki isiyo na haialuronidasi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila, iliyo tayari chumbani na si ya kwenda kuagiza, haistahili hata ile nyota moja ya kopo lisilo na lebo.

Dalili za lidokaini kuzidi zina mtego wake: ya kwanza ni ganzi na mchonyoto kuzunguka mdomo, jambo ambalo hapa kila mtu analitarajia. Kwa hiyo sikilizeni zinazofuata: ladha ya chuma, mlio masikioni, kizunguzungu, misuli kurukaruka. Hapo kazi inasimama na msaada wa dharura unaitwa.

Kuhusu mkono na sindano, maneno machache. Sindano nyembamba ya geji 30 huwa butu baada ya matobo machache. Kuibadilisha katikati ya kazi hupunguza maumivu kuliko kuongeza krimu. Kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, ya geji 25 au 27 inahitaji tobo moja kila upande, ila msukumo wake ndani ya mdomo huleta hisia ya kuvutwa ambayo baadhi ya wateja huichukia kuliko mchomo. Na fila isukumwe polepole. Kasi ndiyo inayouma.

Kabla ya siku yenyewe, aspirini na ibuprofeni huepukwa kwa takriban wiki kwa sababu ya michubuko, isipokuwa kama daktari alikuandikia. Hizo usiziache bila kumuuliza. Parasetamoli haina tatizo hilo. Mwenye historia ya malengelenge ya mdomo aseme mapema apewe dawa ya kuzuia virusi. Baada ya kazi, usile wala usinywe cha moto mpaka hisia zirudi, maana mdomo wenye ganzi unang'atwa bila kujua. Uvimbe hufika kilele ndani ya saa 24 hadi 48, na uchungu wake ni wa kubonyeza, unaopungua siku hadi siku. Ganzi ikiisha jioni na maumivu yakawa yanapanda badala ya kushuka, au mabaka yakatokea, usingoje asubuhi: piga simu ya kliniki usiku huohuo, na kabla ya kulala kwenye kile kiti hakikisha namba hiyo unayo na kuna anayeipokea.