Seti ya rangi za akriliki ya tyubu 12: inamfaa anayeanza kuchora ukubwani?

Seti hizi za tyubu ndogo za mililita 12, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi, zinamfaa sana mstaafu wa Moshi anayeshika brashi kwa mara ya kwanza. Hazihitaji tapentaini, brashi huoshwa kwa maji na sabuni, na ukikosea unasubiri pakauke kisha unapaka juu yake.

Kasoro kubwa ni nyeupe. Karibu kila rangi huchanganywa nayo, hivyo mililita 12 haziwezi kumaliza theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, pamoja na mawingu yake. Nunua tyubu kubwa ya nyeupe kando. Nyeusi iache kwanza: kivuli cha mlima kipate kwa kuchanganya bluu iliyokolea na kahawia, kitakuwa hai zaidi.

Joto la Januari na Februari hukausha akriliki kwenye sahani ndani ya dakika chache. Kamua kiasi cha punje ya haragwe tu, juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye kitambaa chenye maji. Usiizimue rangi kwa maji kupita kiasi. Gundi yake hulegea, na rangi ikikauka hupauka au hubanduka.

Brashi za ndani ya seti hunyonyoka na kuacha nywele kwenye picha. Tafuta brashi bapa mbili, za upana wa sentimita 1 na 2. Mwenye maumivu ya vidole azungushie mpini kitambaa hadi unenepe. Kanvasi ni ghali bila sababu kwa mazoezi. Hadibodi (ubao mwembamba mgumu) iliyopigwa msasa na kupakwa emalshani nyeupe, yaani rangi ya maji ya ukutani, mara mbili inatosha.