Shatelo ya kubuku Kisumu–Nakuru: uzoefu wangu

Mimi hufanya uhasibu wa maduka kadhaa pale Nakuru na nyumbani ni Kisumu, kwa hivyo kila mwezi kabla ya tarehe 9 ya PAYE (kodi ya mishahara) na tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) lazima nipande gari. Miaka yote nimekuwa mtu wa matatu za kawaida, hizi za abiria 14, siku hizi nimehamia shatelo ya kubuku kwa simu, ile inaondoka na saa yake ijae isijae. Jina sitaji, msije mkasema nimelipwa.

Watu huniuliza kama inakimbia. Haikimbii! Kisumu hadi Nakuru haifiki kilomita 200, na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari kukimbia, ni kilomita 80 kwa saa tangu zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, so hata barabara iwe yako peke yako hapo ni kama masaa mawili na nusu. Sasa chukua yule dereva amechezea gavana anapiga mia, piga hesabu utaona ameokoa nusu saa hivi, na hiyo nusu saa yote inaishia nyuma ya trela zikiteremka Salgaa na gia ndogo.

Muda unaliwa stendi. Makanga anakuambia "imebaki mmoja tu, ingia twende", unaingia, kweli gari inaonekana imejaa, alafu abiria wa ukweli akija kijana mmoja anashuka, akija mwingine anashuka mwingine, kumbe nusu ya gari ni wafanyikazi wa stendi na wewe umekaa hapo na bahasha ya risiti kwa mapaja mteja anapiga simu uko wapi na huwezi hata kumdanganya umefika Ahero kwa sababu mtu wa mayai na smoki anapiga kelele kwa dirisha.

Na shatelo saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Kuna siku tumetoka na viti vitatu wazi. Nauli iko juu kidogo lakini namwambia mteja saa tatu na saa tatu niko kwa kaunta yake, na mimi kwangu hiyo ndio pesa.

Kuhusu kufanya kazi ndani ya gari, msiamini sana matangazo. Kutoka Nyamasaria hadi Ahero na mbele kidogo barabara imenyooka, pale kwa mashamba ya mchele nimewahi kuingiza risiti za wiki nzima kwa laptopu. Mkianza kupanda Kericho na zile kona funga tu ulale, utatapika. Waifai imeandikwa kubwa mlangoni lakini mimi sijaiona ikifungua hata imeili, bebeni bando zenu. Chaja za viti zingine zimekufa, niliwaambia, wakasema watarekebisha, bado.

Shida yangu kubwa ni kurudi. Gari ya mwisho inatoka Nakuru mapema sana, mteja akichelewesha stetimenti ya benki basi umerudi kwa "imebaki mmoja". Waongeze moja ya jioni hata kama ni siku za kufaili kodi tu, tutajaza.

Mkibuku chukueni kiti cha nyuma ya dereva upande wa dirisha, chaja yake inashika.