Lignokeini ya asilimia 2, chupa ya mililita 30: dawa nzuri, chupa kubwa mno

Kwa kushona jeraha, kupasua jipu au kutahiri, ni vigumu kupata dawa ya ganzi iliyo rahisi kutumia kuliko hii. Hushika ndani ya dakika 2 hadi 5, hudumu nusu saa hadi saa moja, na bei yake haiumizi zahanati. Dawa tunaipa nyota 5. Chupa yake tunaipa 2.

Asilimia 2 ni miligramu 20 kwa kila mililita, kwa hiyo chupa nzima ina miligramu 600. Ukishika kikomo cha miligramu 3 kwa kilo, mgonjwa wa kilo 60 anastahili 180, yaani mililita 9 tu. Nyingine 21 zipo palepale mkononi mwako, na mgonjwa analalamika kwamba bado anasikia maumivu. Mtoto wa kilo 12 anastahili mililita 1.8, sawa na katriji (kichupa cha dozi moja) moja ndogo ya daktari wa meno. Hapo katriji inaishinda chupa: ukifungua ya pili, unajua umefungua ya pili.

Kidonda kikubwa kinataka ujazo, si miligramu zaidi. Vuta mililita 9 za dawa, ongeza 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, upate 18 za asilimia 1. Kwa kushona zinatosha kabisa. Kikomo cha lignokeini yenye adrenalini hufika miligramu 7 kwa kilo, kwa kuwa adrenalini hubana mishipa na dawa huingia kwenye damu polepole.

Kwenye jipu usitarajie makubwa. Tishu yenye usaha ina asidi, dawa hubaki na chaji ya umeme na haipenyi utando wa neva. Kuongeza dozi ni kuongeza sumu tu. Choma kulizunguka jipu, kwenye ngozi yenye afya.

Dozi ikizidi kidogokidogo, lignokeini kwa kawaida hutoa onyo: midomo hufa ganzi, mdomoni huja ladha ya chuma, masikio huvuma, misuli hurukaruka, ndipo degedege. Ikiingia moja kwa moja mshipani, degedege laweza kutangulia yote. Kwa hiyo vuta pistoni nyuma kila unapohamisha sindano, sukuma kidogokidogo, na endelea kuzungumza na mgonjwa. Bupivakeini, dawa nyingine ya ganzi, ni kali zaidi kwa moyo, maana huchelewa kuachia milango ya sodiamu kwenye seli za moyo. Ukitumia zote mbili, usihesabu vikomo viwili: sumu zake hujumlishwa.

Degedege likianza, acha kuchoma, ita msaada, fungua njia ya hewa, toa oksijeni na diazepamu. Dawa ya kuokoa ni emalsheni ya mafuta ya asilimia 20 kwa mshipa, mililita 1.5 kwa kilo; kwa kilo 60 ni mililita 90. Pasipo emalsheni hiyo, tusingethubutu hata kukaribia kikomo.

Dukani soma lebo yote. Yenye methiliparabeni (kihifadhi cha dawa) haifai kabisa kwa ganzi ya mgongo. Yenye adrenalini iwekwe kabati lake, mbali na mwanga na joto. Chupa ikishatobolewa, iandike tarehe. Siku 28 zikipita, au lebo ikitaka mapema zaidi, mwaga hata kama imebaki nusu. Zikiwapo ampuli (vichupa vya kuvunja na kutumia mara moja) za mililita 5, nunua hizo, hata kwa bei ya juu kidogo.