Uzoefu wangu na netem: kuchelewesha seva kwa makusudi

Mteja wetu ananunua kahawa Idjwi. Karani anapima, anaandika kilo kwenye simu, anabonyeza "Tuma". Hapa Bukavu ofisini kila kitu kilikwenda vizuri. Kule kisiwani, mama aliyeleta kilo 34 alikutwa ameandikiwa 68. Nilitafuta kosa wiki nzima bila kuliona, maana kwangu seva ilijibu kabla sijainua kidole.

Ili kuiga mtandao dhaifu wa kule, kwanza niliiambia programu ya seva isubiri sekunde 3 kabla ya kujibu. Haikusaidia sana. Kusubiri kwa namna hiyo kunakuja mara moja kwa kila ombi, kumbe mtandao dhaifu unachelewesha kila pakiti (vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo), tangu zile salamu za kufungua muunganisho. Ndipo nikaenda kwa netem, chombo cha kuiga mtandao mbovu. Ni ya bure, ni sehemu ya Linux yenyewe, na unaiendesha kwa amri ya tc:

sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 400ms 150ms loss 3%

Yaani kila pakiti inayotoka kupitia eth0 (jina la kadi ya mtandao ya seva) icheleweshwe milisekunde 400, ikipanda au kushuka kwa 150, na 3 kati ya 100 zipotee. Nikachukua simu, nikabonyeza Tuma. Kitufe kimya. Hakuna duara linalozunguka, hakuna neno lolote. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na kidole changu mwenyewe kikarudi kubonyeza. Rekodi mbili! Karani hakuwa na kosa hata kidogo, nami nilikuwa nimeshaanza kumshuku. Sasa kila upimaji unapewa namba yake palepale kwenye simu, na seva ikiiona namba ileile tena inajibu tu kwamba imeshapokea.

Angalieni mambo mawili. Ukiiweka kwenye lo, yaani njia ya ndani ambayo kompyuta huongea na yenyewe, pakiti za kwenda na za kurudi zote zinapita hapo, kwa hiyo 400 inakuwa 800 kwenye ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi. La pili liliniumiza: kwenye seva ya majaribio iliyo mbali niliandika loss 100% badala ya 10%. SSH, njia ninayoiendeshea seva nikiwa mbali, ikakwama hapohapo, sikuwa tena na njia ya kuingia. Iliponea kwa kuwashwa upya, kwa sababu netem haibaki baada ya hapo. Siku hizi natanguliza amri hii, ili netem ijifute yenyewe baada ya dakika 5:

sudo sh -c 'sleep 300; tc qdisc del dev eth0 root' &

Kama unataka kuona ukurasa tu unavyofunguka polepole, kipunguza kasi cha Chrome kinatosha. Kwa programu ya simu, netem ndiyo ninayoiamini. Seva yetu ya majaribio sasa inakaa na milisekunde 400 mchana kutwa. Wenzangu wawili waliniomba niziondoe, nikakataa.