Kozi ya metasinthesisi: mwanzo uvumilie tu

Kozi hii ya mtandaoni inafundisha kuchambua tafiti za kimaelezo zilizokwisha kuchapishwa na kuziunganisha hadi zitoe tafsiri mpya. Mihadhara ya mwanzo inachosha. Mwalimu anasoma slaidi neno kwa neno. Utamu uko kwenye zoezi la metaethnografia, mbinu ya watafiti Noblit na Hare ya mwaka 1988 ya kulinganisha tafiti na kuzitafsiri upya kwa pamoja.

Unapewa dondoo zilizotungwa kwa ajili ya mazoezi, zinahusu watu wenye kisukari, pamoja na jedwali la safu tatu: maneno ya mgonjwa mwenyewe, tafsiri ya mtafiti, kisha tafsiri yako. Dondoo moja inasema wagonjwa "wanakaidi" dawa. Nyingine, kwa tabia ileile, inasema "wanajipimia" dozi. Ukiandika kwamba zote mbili zinahusu matumizi ya dawa, basi, unarudishiwa kazi yako na swali: huo ukaidi kausema nani, mgonjwa au mtafiti? Swali hilo lilinikalisha jioni nzima, na jedwali langu likabadilika sura.

Kutathmini ubora wa makala kwa orodha ya maswali iitwayo CASP kumepitiwa mbiombio. GRADE-CERQual, inayopima ni kwa kiasi gani matokeo ya kuunganisha tafiti hizo yanaaminika, imeambulia video moja fupi. Kwa anayeandika tasnifu, hilo ni pengo kubwa. Masahihisho nayo yanachelewa (mno!), ila yakifika yamejaa maoni ya maana.

Anayetafuta takwimu za kujumlisha matokeo ya majaribio ya tiba asijisumbue, humu hakuna hesabu. Nyota nne.